Wembe wa Alhamisi

Benchi la mkahawa wa Zinhum limeegemea ukuta pale uchochoro wetu unapotokea mtaa wa Attarine. Kila Ijumaa asubuhi wachuuzi wa vitu kuukuu hutandaza mikeka yao hadi miguuni mwetu, hata ukinyoosha goti bila kuangalia unaweza kupindua birika la Mgiriki aliyehama Iskandaria kabla hujazaliwa. Wenye benchi tunajulikana. Yupo Zinhum mwenyewe, mwenye mdila wa kahawa, anayesikiliza kila neno huku akijifanya anapangusa meza. Yupo Girgis fundi cherehani, tunayemwita Balozi. Yupo Hajj Fikri, dereva wa tramu mstaafu, ambaye jina lake hapa ni Sabuni kwa sababu ndivyo anavyonukia tangu alfajiri. Yupo Ustadh Izzat, mwalimu wa jiografia wa zamani, jina lake Ramani. Na mimi, Redio. Ninauza redio kuukuu, duka langu linatazamana na benchi, na wanaosema jina hilo nimelipata kwa sababu nyingine si watu wa kusikilizwa.

Sabuni na Ramani walikuwa na ugonjwa mmoja. Walipenda vifaa vya kunyolea vya zamani kama wengine wanavyopenda njiwa au mpira. Nyembe za kukunja zenye mipini ya mfupa na ya gamba la kasa, brashi zilizobakiwa na nywele chache kama kichwa cha Balozi, vikombe vya povu, mikanda ya ngozi ya kunolea, makopo ya poda yenye picha za mabibi waliofumba macho. Chumba cha wageni cha Sabuni hakiingii mgeni. Na mke wa Ramani aliwahi kumwambia mbele yetu kwamba siku akifa azikwe na brashi zake, kwa kuwa kaburini kutakuwa na nafasi kuliko kabatini.

Ugonjwa huohuo ndio uliowagombanisha. Miaka kadhaa nyuma, Ijumaa kama hizi, wote wawili walikuwa wamechutama mbele ya mchuuzi wa nguo za mitumba. Juu ya rundo la makoti palikuwa na wembe wa mpini wa pembe, na mgongoni mwake limechongwa kwa Kifaransa jina la siku: Alhamisi. Sabuni akauwekea mkono kwanza. Ramani akamlipa mchuuzi kwanza. Basi kila mmoja akamwita mwenzake mwizi, na kuanzia hapo hawakusemeshana. Lakini kuhama benchi hakuna aliyekubali, maana atakayehama ndiye aliyeshindwa. Sabuni akakaa ncha ya huku, Ramani ncha ya kule, na Girgis katikati akipeleka maneno. Ndipo alipopata ubalozi.

— Girgis, mwambie huyo bwana asogeze mguu wake.

— Ustadh, Hajj anaomba usogeze mguu.

Ramani alikuwa ameshasikia tangu mwanzo, lakini mguu hausogei mpaka ujumbe ufike rasmi. Tumeishi hivyo, na mtu huzoea.

Ijumaa ninayoisimulia, Sabuni alikuja hana salamu. Mzee yule husalimia hadi paka wa muuza samaki, akamuulizia na hali ya watoto. Siku hiyo alitupita kama hatuoni. Ilikuwa baridi, ule upepo wa bahari unaoingia hadi kwenye meno, naye alikuwa amevua koti lake na kufungia kitu ndani yake, kakikumbatia kifuani kama mtu aliyeokota mtoto mchanga. Akaketi. Akasimama. Akaketi tena. Zinhum akamwekea kahawa, asiione.

— Hajj, umefiwa? nikamuuliza.

— Nyamaza, Redio. Nisogezee meza.

Nikaisogeza. Akalifungua koti taratibu, na ndani yake mlikuwa na kisanduku cha ngozi nyeusi kilichochakaa pembeni. Alipoinua kifuniko nilimsikia Zinhum nyuma yangu akivuta pumzi. Mahameli ya zambarau, na juu yake nyembe zimelala zikifuatana kama ndugu kwenye mkeka mmoja, zote za mpini wa pembe, kila moja na jina la siku yake mgongoni. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kisha nafasi tupu. Kisha Ijumaa, Jumamosi, Jumapili.

Mmoja baada ya mwingine tuligeuka kumtazama Ramani. Kikombe chake kilikuwa kimekwama katikati ya sahani na mdomo.

Sabuni alitueleza kwa sauti inayopanda na kushuka kwamba amekipata kwa mchuuzi wa mwisho kabisa, yule wa karibu na msikiti, naye alikuwa amekinunua asubuhi hiyohiyo kutoka nyumba inayohamwa. Zaidi ya hapo mchuuzi hakujua kitu. Na benchi letu likiambiwa kwamba hakuna anayejua kitu, ndipo linapochemka.

Zinhum ndiye aliyeanza. Alisema hilo ni sanduku la pasha, tena pasha mbaya, mwenye maadui. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwachia kinyozi mmoja shingo yake kila siku, kinyozi ataizoea. Basi aliajiri vinyozi saba, kila mmoja na siku yake na wembe wake. Yule wa Alhamisi akahongwa, akajaribu jambo, akashindwa, na wembe ukatupwa.

— Pasha gani, bwana, usitupige kamba, Balozi akasema. Hizo si za kunyolea hata kidogo. Hizo ni za ujasusi.

Akatufafanulia. Wakati wa vita, mtu anapita bandarini na wembe kwenye mfuko wa kifua, mgongo umechungulia nje. Mwenzake akisoma siku, anajua meli inaondoka lini. Wa Alhamisi ulikamatwa, meli ikazama.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti anyolewe.

— Sharti ainame, nikamsahihisha.

— Wewe unanyolewa bila kuinama?

Nikaona heri nitoe hoja yangu. Nikawaambia wanasahau Alhamisi ni usiku gani. Ni usiku wa harusi. Huyu mtu aliolewa, nikasema, yaani alioa, na siku ya Alhamisi akanyolewa akang'aa mpaka bibi harusi akaingiwa na wivu. Asubuhi yake akauficha ule wembe ili asimpendeze mwanamke mwingine tena. Hoja yangu ilikuwa na akili kuliko zao, lakini hawakuiacha hivyo. Zinhum akasema bibi harusi huyo alikuwa binti wa pasha. Balozi akasema kama ni binti wa pasha basi ndiye jasusi. Kufikia duru ya pili ya kahawa, binti wa pasha alikuwa ametoroka na kinyozi wa Alhamisi ndani ya nyambizi, na wachuuzi wawili walikuwa wameacha mikeka yao kuja kusikiliza.

Katika muda wote huo Ramani alikuwa akiitazama ile nafasi tupu. Mwishowe akakohoa, akasema kwa sauti ile ya darasani, akimwelekea Balozi, kwamba vinyozi wa zamani waliamini chuma kinachoka. Ukikinyolea leo unakilaza wiki nzima, makali yanajirudi yenyewe. Ndiyo sababu ya siku saba, hakuna pasha wala nyambizi.

Sabuni akajibu hapohapo, naye akimwelekea Balozi.

— Girgis, mwambie huyo bwana juma langu lina tundu.

— Ustadh, Hajj anasema juma lake lina tundu.

— Mwambie naliona. Na mwambie Alhamisi haiuzwi.

— Hajj, Ustadh anasema Alhamisi haiuzwi.

— Mwambie sijataja kununua. Nataka kuona kama inaingia tu. Iingie, itoke, aende nayo.

Balozi alipokuwa akiligeuza hilo kuwa lugha ya kibalozi, Ramani alikuwa ameshasimama. Akaondoka bila kuaga, akapotea kona ya muuza fremu za picha. Sabuni akabaki anatazama kahawa yake. Alituambia kwamba amekosea, kwamba hakupaswa kukifungua kisanduku mbele yake, kwamba sasa mtu yule ataichukua ile Alhamisi aitupe baharini kwa ukaidi wake. Mara anafunga kifuniko, mara anakifungua. Dereva yule aliendesha tramu maisha yake yote bila kugonga hata mkokoteni, lakini siku hiyo alimwaga kahawa mara mbili kwenye suruali.

Kisha tukamwona Ramani anarudi, na alikuwa anakimbia. Mtu ambaye tumemsikia akilalamikia magoti tangu tumjue alikuwa anaruka mikeka, koti linapepea, mkononi kashika kibweta cha miwani. Alipofika hakuwa na pumzi ya kusema. Akakifungua, akautoa ule wembe, akamnyooshea Balozi ampelekee Sabuni.

Balozi akautazama, akaitazama mikono yake mwenyewe, akaificha kwapani.

— Hapana, mabwana. Maneno nimebeba, hicho sibebi. Nikikiangusha nitahama mji. Wekeni wenyewe.

Basi Ramani hakuwa na njia. Akainama juu ya meza, kichwa chake karibu kugusana na cha Sabuni, akaulaza wembe kwenye nafasi yake. Haukukaa. Akausukuma kidogo, ukagoma. Nilimwona Sabuni akiuma mdomo.

— Fikri, shikilia kifuniko kisinibane, Ramani akasema.

— Ugeuze, Izzat. Makali yaangalie kwa Jumatano.

Akaugeuza. Ukaingia kwa sauti ndogo, kama mtu anayefunga mlango bila kutaka kumwamsha mwenzake.

Balozi akaangalia ncha ya huku, akaangalia ncha ya kule, akingojea ujumbe, na ujumbe haukuja. Wale wawili walikuwa wanatazamana kama watu walioamka kwenye kituo wasichokijua. Ndipo nao wenyewe walipong'amua wamesemeshana, na ili aibu ipite haraka wakaanza kugombana.

Waligombana uso kwa uso, kwa raha, kama watu waliokuwa na njaa ya kugombana. Sabuni alisema mwenye sita ndiye mwenye nyumba, moja ni mgeni. Ramani alisema juma bila Alhamisi si juma, kwa hiyo mwenye Alhamisi ndiye aliyelifanya juma kuwa juma, yeye huyo mwingine alikuwa na mkusanyiko wa vyuma tu. Sabuni akakumbushia nani aliweka mkono kwanza. Ramani akakumbushia nani alilipa. Watu wakajaa, wengine wakawa upande wa sita, wengine upande wa moja, na Zinhum akawa anauza kahawa kama maji jangwani.

Nyuma ya watu hao alikuwa amesimama mwanamke wa makamo, kajifunga kitambaa cha kijivu, mkononi ana kapu la safari. Sijui alisimama kwa muda gani. Aliomba njia, akapewa, akafika mezani, akauliza kwa adabu kama anaweza kutazama. Sabuni bila kufikiri akakifunika kisanduku kwa kiganja.

— Usiogope, Hajj, yule mama akasema. Ni sanduku la marehemu baba yangu. Nimeliuza mwenyewe leo asubuhi, sikuja kulidai. Nilikuwa napita kwenda kwenye tramu, nikasikia mnataja Alhamisi.

Zinhum akamletea kiti na kahawa ya sukari kiasi bila kumuuliza. Alituambia jina lake ni Dawlat, na baba yake alikuwa Usta Bayumi, yaani fundi Bayumi, kinyozi wa hoteli moja upande wa Raml, zamani hizo hoteli zilipokuwa na vinyozi wake. Mgeni mmoja aliyeugua chumbani kwa muda mrefu alinyolewa na Usta Bayumi kitandani kila asubuhi, na alipopona na kuondoka alimwachia kisanduku hicho kuwa zawadi. Zinhum akauliza kwa matumaini kama mgeni huyo hakuwa pasha. Dawlat akasema alikuwa daktari wa meno.

Kila siku baba yake alitumia wembe wa siku hiyo. Ila Alhamisi, akimaliza kazi ya hoteli, hakurudi nyumbani. Alikwenda hospitali ya masikini, kwenye wodi ya wanaume, akawanyoa waliolala huko ambao hawakuwa na wa kuwanyoa. Hakubeba sanduku, angeonekana anajivuna. Alitia ule wembe mmoja mfukoni mwa koti. Na Alhamisi moja alirudi, akatundika koti nyuma ya mlango, akalala, hakuamka. Siku za matanga mama yake Dawlat akagawa nguo za marehemu, koti likaenda na nguo nyingine. Baadaye wakaona nafasi iko wazi, wakapekua nyumba nzima, hata magunia ya mchele. Hakuna aliyekumbuka koti.

— Juu ya makoti, Ramani akasema polepole. Ulikuwa juu ya rundo la makoti. Mchuuzi alikuwa ameutoa mfukoni.

— Nilikuwepo, Sabuni akasema. Ni kweli. Makoti.

Dawlat akaomba kuushika. Ramani mwenyewe akautoa na kumpa. Akaufungua kwa vidole viwili, kwa wepesi, akausogeza puani, akaufunga, akaurudisha mahali pake na kuupapasa mara moja. Macho yake yalikuwa yameloa lakini uso ulikuwa unacheka. Alisema anafurahi nyembe zimerudiana, maana yeye anahamia kwa mwanawe na nyumba ile inabomolewa. Kisha akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu wageni wa chakula.

— Na nyinyi hapa, nani amemnyoa nani?

Hatukuelewa. Akasema baba yake alikuwa na imani kwamba wembe unaonyoa uso wa mwenyewe tu ni kisu, unakuwa wembe siku unaposhikwa na mtu na shingo ni ya mtu mwingine. Kwa hiyo anauliza tu, kwa kuwa anaona watu wanaopenda nyembe: nani kati yetu amewahi kumnyoa mwenzake?

Sabuni alisema yeye hujinyoa mwenyewe, nyumbani, kila alfajiri. Ramani akanong'ona kwamba yeye ana mashine ya umeme, mkewe ndiye aliyeinunua. Mimi nikatazama redio zangu ng'ambo ya uchochoro. Wachuuzi nao wakatazama mikeka yao.

— Kinyozi hajinyoi, Balozi akasema.

Ilikuwa methali ya kwanza niliyopata kumsikia akiitumia mahali pake, na yeye mwenyewe alishtuka.

Dawlat hakungoja jibu. Alimaliza kahawa, akamshukuru Zinhum, akatuombea heri, akachukua kapu lake akaelekea kituoni. Tukamtazama mpaka kitambaa chake kikapotea kati ya watu. Hakuna aliyerudia hoja ya sita na moja. Ramani alikuwa anajikuna kidevu, na kidevu chake siku hiyo kilikuwa na ndevu za mashine iliyoharibika, nyeupe, fupi, zilizosimama kila upande.

— Zinhum, akasema. Maji ya moto yapo?

— Kahawa imekwisha, Ustadh. Maji yapo.

Akafungua kifungo cha juu cha shati, kisha cha pili. Akakigeuza kile kiti alichokuwa amekalia Dawlat kikaelekea mwangani, akaketi, akaegemeza kichwa ukutani.

— Leo Ijumaa, Fikri. Chukua wa Ijumaa.

Sasa fikiria. Mtu amekuita mwizi kwa miaka, nawe umemwita mwizi kwa miaka, halafu anakufungulia shati lake na kukupa koo mbele ya mtaa mzima wa Attarine. Sabuni alikuwa mweupe kama unga. Aliuliza kama ni mzaha. Ramani akafumba macho. Basi Sabuni akavua mkanda wake wa suruali, akaufunga kwenye chuma cha benchi, akaanza kunoa, huku na huku, huku na huku, mkono mmoja unanoa na mwingine umeshika suruali, mpaka Balozi akampiga pini mbili za fundi kiunoni na kumwambia sasa ana uhuru. Alijaribu makali kwenye vinyweleo vya mkono wake, vikaanguka. Tukasogea. Akatoa kwenye leso kipande chake cha sabuni, akakoroga povu katika kikombe cha kahawa, akampaka Ramani taratibu hadi chini ya masikio.

Shavu la kulia lilikwenda vizuri ajabu. Povu linatoka na ngozi inabaki nyuma yake, laini, kama barabara mvua ikikatika. Kuna mtu nyuma yangu alikuwa anasema "Allah, Allah" kila wembe ukishuka, kama yuko kwenye tarabu. Kisha Sabuni akafika kooni, akasimama. Akauondoa, akaupangusa wembe ambao ulikuwa tayari safi, akaurudisha, akasimama tena.

Ramani akasema bila kufumbua macho.

— Mwaka ule nilipopasuliwa, kuna mtu aliniletea sabuni hospitali. Ilikuwa hii.

— Balozi ndiye aliyeileta.

— Balozi hana pua ya sabuni. Niliijua harufu, nikanyamaza.

Balozi akapata kazi ya haraka kwenye kifungo cha shati lake.

— Endelea, Fikri, Ramani akasema.

Akaendelea. Alimaliza koo, akamaliza kidevu upande wa kulia, na alipokuwa anageuza kichwa cha Ramani ili aanze shavu la kushoto, mwadhini akaadhini.

Hapo pakawa na tatizo la fiqhi na la aibu. Zinhum alisema Mungu huutazama moyo, hatazami mashavu. Ramani alifutwa povu, akainuka, akaenda kuswali Ijumaa shavu moja likiwa yai na lingine brashi. Tulikaa safu moja, yeye na Sabuni bega kwa bega. Alijifunika leso upande wa kushoto, na mzee wa jirani yake alipomwinamia na kumuuliza kama ni jino, akasema ndiyo, jino. Khutuba ilikuwa juu ya subira. Sijawahi kuona waumini wawili wanaoihitaji zaidi. Sabuni alikuwa anaangalia lile shavu lililobaki kila aliposalimu.

Tuliporudi, tulimkuta Balozi, Mkristo wetu, ameketi palepale, kisanduku magotini, mikono yote miwili juu yake. Alisema watu wawili wametaka kukinunua na mmoja ametaka kukiona tu, wote amewaambia wenyewe wako msikitini. Zinhum akachemsha maji mapya. Watu waliongezeka, kwa maana habari ya mwalimu mwenye shavu moja ilikuwa imetutangulia kutoka msikitini. Sabuni alinyoa upande wa pili bila kusita, kwa mwendo wa kinyozi kabisa, na alipomaliza akampangusa Ramani uso kwa maji ya uvuguvugu kwa kutumia mkono wake. Ramani akajipapasa. Kwanza shavu hili, kisha lile. Akajitazama kwenye sinia la Zinhum. Akacheka, kicheko cha kijana.

Kisha akainuka, akakipangusa kiti, akamwonyesha Sabuni.

— Zamu yako.

Sabuni akasema hana haja, amejinyoa alfajiri. Ramani akamwambia ameona sehemu mbili chini ya taya zilizoachwa, tena zimeachwa miaka yote, ila hawakuwa wanasemeshana ndiyo maana hakuambiwa. Watu wakaangua kicheko. Sabuni akamtazama Balozi amsaidie, lakini Balozi alikuwa amestaafu. Akaketi.

Ustadh Izzat alikuwa na nyembe nyingi kabatini, lakini hakuwahi kumnyoa kiumbe. Alimpaka povu kama anayepaka chokaa ukutani. Lilimwingia Sabuni puani, likampaka nyusi, na yeye mwenyewe Ramani akajipaka kipajini alipojifuta jasho, na masikioni, hata ikawa shida kujua nani amepakwa ili anyolewe. Wakati huohuo walikuwa wakikubaliana juu ya kisanduku: hakiendi kwa huyu wala kwa yule, kitakaa hapa kwa Zinhum kwenye rafu, juu ya mdila. Zinhum akaitikia na kulowesha kidevu chake kwa maji yaliyobaki. Nilipomuuliza anafanya nini, alisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji, na yeye hataki kuambiwa hakusikia.

Ramani akafungua wembe. Sabuni akafumba macho, midomo ikitembea kwa shahada. Sote tukasogea hatua moja, mimi nikiwa nimeacha duka wazi bila kujali.

Hapo akatokea mtu mmoja wa shamba, sura ya huko Damanhur, ana kapu la machungwa begani na ndevu za safari. Alipenya hadi mbele. Akaliangalia benchi, akaangalia maji, akawaangalia wazee wawili wenye povu.

— Samahani, mabwana, akasema. Kinyozi hapa ni nani?

Ramani, wembe mkononi, akamwonyesha Sabuni. Sabuni, macho yamefumba, akanyoosha kidole akamwonyesha Ramani. Yule mtu akanitazama mimi, nami nikamtazama Balozi, na Balozi akawa anakagua mawingu. Tulikaa hivyo, kila mmoja akingoja mwingine ajibu. Mwishowe mtu wa machungwa akashusha kapu lake, akajisogezea nafasi kwenye ncha ya benchi, akaketi kungoja.